Supu ya Kongo kwa Madame Sidonie

Harufu iliwapokea kabla ya mwenye nyumba. Ilikuwa imeteremka ngazi zote za jengo lile la Forest, kitongoji cha Brussels, ikawangoja mlangoni: vitunguu vya kukaanga, ndimu, pilipili, samaki wa chumvi, na kitu kingine chenye harufu ya karafuu ambacho Victorine hakukijua. Tonton Josias, mdogo wake, aliyekuwa amevaa koti lake la harusi na mazishi, alisimama kwenye ngazi ya kwanza akavuta pumzi mpaka vifungo vikalalamika.

“Yaya, ile ni makayabu,” akamwambia dada yake, akiwataja samaki wa chumvi kwa jina la kwao. “Haki ya Mungu, bale bantu bako na makayabu!”

“Josias, tulikuya kwa kazi. Hatukukuya kwa tumbo.”

Guylain, mwanawe Victorine, alikuwa mbele yao na shada la maua, akitabasamu peke yake. Kijana alikuwa hajalala usiku kucha kwa furaha. Kwa miaka sasa alikuwa akimpenda Tatiana, muuguzi, mzaliwa wa Guadeloupe, kisiwa cha Karibiani kilicho chini ya Ufaransa. Jumapili hiyo wazazi walikuwa wanaonana kwa mara ya kwanza ili neno la ndoa litamkwe. Mama yake Tatiana, Madame Sidonie, alikuwa jikoni tangu juzi kwa ajili yao.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mnene, mchangamfu, aliyefunga kichwani kitambaa cha mirabamiraba ya manjano na nyekundu. Aliwabusu wote mashavuni, akawavua makoti kwa nguvu kama wanaodaiwa, akawaketisha. Wote walizungumza Kifaransa, kwa kuwa Kikrioli cha kisiwani na Kiswahili cha Bukavu havikuwa na mahali pa kukutania.

Na meza! Victorine alikuwa ameona meza nyingi za Brussels, zile ambazo mgeni huwekewa biskuti mbili na kahawa kisha akaulizwa kama ameshiba. Hii haikuwa ya Brussels. Madame Sidonie alivitambulisha vyakula kimoja kimoja, kama mtu anayetambulisha ndugu zake. Hizi ni akra, vidonge vya samaki wa chumvi na unga, huliwa vikiwa vya moto vikiunguza vidole. Hili ni parachichi lililopondwa pamoja na samaki, unga wa muhogo na pilipili. Jina lake ni mkali, na hatutanii. Haya maji mekundu ni ya maua ya rozela, ninyi kule Matongé, mtaa wa Wakongo, mnayaita bissap. Na kwa tonton, ramu, ndimu na sukari ya miwa. Kila mtu hujichanganyia mwenyewe ili asije akamlaumu mwenzake.

Tonton Josias ni shemasi. Alitazama chupa, akatazama dari, akasema tumbo lake lilikuwa na ugonjwa wa siku nyingi na huenda hiyo ikawa dawa yake.

“Na ile?” Victorine akauliza, akionyesha chupa kubwa ya kioo juu ya kabati, tumbo pana na shingo nyembamba, imezibwa kwa nta na kufungwa utepe mwekundu. Ndani yake matunda meusi yalikuwa yamelala kwenye ramu ya rangi ya asali.

Madame Sidonie akacheka, Tatiana akaficha uso begani kwa Guylain.

“Hiyo haiguswi. Katika familia yetu, mtoto wa kike akizaliwa, matunda hutiwa kwenye ramu siku hiyohiyo. Hufunguliwa siku ya harusi yake. Nimetoka nayo kisiwani nikiipakata kwenye ndege, kama mtoto wa pili.”

Kisha akaingia jikoni, akarudi na sufuria aliyoishika kwa mikono miwili, na alipoiweka mezani hakuwa akicheka tena.

“Hii ndiyo niliyotaka mwionje hasa,” akasema. “Kwetu tunaiita supu ya Kongo. Mbaazi, maharage, magimbi, viazi vikuu, boga, bamia, na mkia wa nguruwe wa chumvi. Bibi wa bibi yangu alitolewa kwenu. Jina lake halisi hatulijui, kaburi lake hatulijui. Alichotuachia ni sufuria hii. Nimeipika tangu nikiwa msichana, lakini sijapata kumpikia mtu wa Kongo.” Akamtazama Victorine moja kwa moja. “Nataka uionje, mama, uniambie tumekosea wapi.”

Akapakua sahani ya kwanza, akaiweka mbele ya Victorine. Watu wote wakangoja.

Victorine alikuwa na njaa. Tusimsingizie: njaa ilikuwa ikimkata, na mate yalikuwa yamemjaa kinywani. Lakini kwao, milimani nyuma ya Bukavu, mama mzazi wa kijana hali kwa wakwe kabla mahari haijapokelewa. Mjomba anaweza kula, marafiki wanaweza kula, yeye hapana. Akila, ni kama ametangaza kwamba binti yule anaweza kuchukuliwa kwa sahani ya chakula. Kutokula kwake ndiyo heshima yake kwa binti. Alidhani Guylain amewaeleza. Guylain, aliyekulia Brussels, hakujua kuna cha kueleza.

“Asante sana, madame,” akasema, akaisukuma sahani taratibu. “Mimi sitakula leo.”

“Unaumwa?”

“Hapana.”

“Ni nyama ya nguruwe? Naweza kukutolea.”

“Hapana. Sitakula tu.”

Pembeni yake, Tonton Josias alikuwa amekwisha maliza akra za sahani nzima na sasa alikuwa akiifuata supu kwa mkate. Ndiyo iliyoharibu zaidi. Kama wote wangekataa, ingeonekana ni mila. Lakini mmoja anakula mpaka anatoka jasho na mwenzake hagusi hata maji. Mwenye nyumba afikirie nini?

“Maman, kijiko moja tu,” Guylain akanong'ona kwa Kiswahili. “S'il te plaît. Kijiko moja.”

“Siwezi kula ku bakwe mbele ya dot. Donc uliwaambia nini, weye?”

“Dot gani?” akauliza Madame Sidonie, aliyeshika neno hilo moja la Kifaransa, mahari, katikati ya yale asiyoyaelewa.

Basi Tonton Josias, kinywa kikiwa kimejaa na dawa ya tumbo ikiwa imekwisha kumpanda kichwani, ndiye aliyejibu. Alieleza kwa Kifaransa chake cha jukwaani kwamba kwao binti hatoki bure, kwamba safari ijayo wangekuja na ukoo mzima kuuliza anatolewa kwa ngapi, ng'ombe wa kweli au wa bahasha, na kwamba siku hiyo yaya yake angekula mpaka wamzuie.

Madame Sidonie aliweka mwiko chini.

“Kwa ngapi?” akasema. “Umesema anatolewa kwa ngapi?”

“Ni desturi, madame. Ni heshima.”

“Bibi wa bibi yangu aliletwa kisiwani utumwa ukiwa umekwisha, wakamwambia ni mkataba. Wa upande wa pili wa familia waliuzwa sokoni, na bei zao zimeandikwa mpaka leo, watu huenda kuzisoma. Katika nyumba hii hakuna mtu atakayetajiwa bei tena. Si kwa ng'ombe, si kwa bahasha, wala si kwa heshima.” Akaitazama sahani iliyokuwa ikipoa. “Mlituuza mara moja. Leo tumewapikia, na hamtaki kula nasi.”

Victorine angeweza kusema jambo moja tu na yote yangetulia. Alikuwa nalo kooni. Angesema kwamba yeye mwenyewe aliolewa bila mahari. Ng'ombe waliahidiwa, kisha vita vikaja, na ng'ombe hawakuja. Mumewe alipofariki, ndugu zake walifika kwenye nyumba yao ya Kadutu, kule Bukavu, wakamuuliza: wewe ni nani hapa? Tulikutolea nini? Wakamtoa nje na sufuria zake, Guylain akiwa mgongoni. Siku hiyo aliapa kwamba hakuna binti wa mtu atakayeingia katika ukoo wake mikono mitupu, akaja kuulizwa swali lile.

Lakini Guylain alikuwa ameketi pale. Guylain aliambiwa tangu utoto kwamba baba zake wadogo walikufa wote vitani, kwamba ndiyo maana hawapigi simu. Victorine hakuweza kumwambia, mbele ya wageni, kwamba wako hai na wana afya njema, na kwamba walimwona ni mtoto wa mwanamke wa njiani. Akanyanyuka, akachukua koti lake.

“Siku mtakayopokea mahari, nitakula,” akasema.

“Basi hutakula,” akajibu Madame Sidonie.

Tonton Josias aliifuta sahani kwa kipande cha mwisho cha mkate kabla ya kuwafuata. Mtu huyo, hata nyumba ikiungua, angerudi kuchukua mfuniko wa sufuria.

Wiki zilizofuata Guylain alikuwa akienda na kurudi kati ya Forest na Laeken, alikokaa mama yake, akibeba maneno. Mama, piga simu tu. Apige yeye, ndiye aliyetutukana. Madame Sidonie, mpigie mama. Apige yeye, ndiye aliyekataa chakula changu. Tatiana mwenyewe alikuja Laeken siku moja, akaketi kwenye kochi akiwa bado na sare ya hospitali, akamwomba Victorine ale mara moja tu kwa mama yake, halafu mambo ya ng'ombe yafikiriwe polepole.

“Unampenda Guylain?” Victorine akamuuliza.

“Nampenda.”

“Mimi pia nakupenda. Ndiyo maana sili.”

Tatiana hakuona mlango wa kuingilia katika jibu hilo. Kabla majani hayajapukutika alikuwa ameomba kazi kisiwani kwao. Alimwambia Guylain kwamba hawezi kuishi maisha yake yote na mama mkwe anayekaa mezani kama jiwe. Alipanda ndege, na baada ya miezi kadhaa ya simu za kulia akamfungia kila njia.

Guylain hakumlaumu mama yake. Ingekuwa afadhali angemlaumu. Alikwenda kazini kwenye kiwanda cha magari cha Forest, akarudi, akalala. Kiwanda kilipofungwa alirudi kuishi Laeken katika chumba chake cha zamani, na hapo ndipo Victorine alipoona ukubwa wa kile kilichovunjika. Mtoto aliyekuwa akiimba bafuni alikuwa akila akiwa amesimama, uso dirishani. Hakunywa pombe, hakugombana na mtu. Alikuwa mpole, na upole huo ulimuumiza mama yake kuliko matusi.

Jumamosi moja Victorine alitoka kazini, katika nyumba ya wazee anakohudumia, akakuta jikoni kumejaa moshi. Guylain alikuwa mbele ya jiko, unga mpaka kwenye viwiko, akitumbukiza vijiko vya uji mzito kwenye mafuta.

“Uko unafanya nini?”

“Akra,” akasema bila kugeuka. “Tatiana alinifundishaka. Lakini yangu inavunjika tu. Sijui nilisahau nini.”

Aliitoa moja iliyoshikamana, akaipuliza, akaiweka kwenye kisahani. Akasitasita.

“Hapa si ku bakwe, maman. Hapa ni kwako. Onja basi.”

Akaonja. Nje ilikuwa imekauka ikavunjika chini ya jino, ndani ilikuwa laini, na makayabu yaleyale ya utoto wake, samaki wa siku za mshahara kule Bukavu, yalikuja yamevaa kitunguu kibichi na pilipili ya watu wengine. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu mno, na ilikuwa imeharibika nusu. Ile ya Madame Sidonie ingekuwaje? Aliketi kwenye kiti cha jikoni akala ya pili, na ya tatu, na machozi yakaanza kumtoka bila kumwomba ruhusa.

“Ni pilipili?” Guylain akauliza.

“Ni pilipili.”

“Kama ungekulaka siku ile,” akasema kijana kwa sauti ya chini, akirudi kwenye mafuta yake, “angerudi. Hata leo angerudi. Niko najua.”

Alisema hivyo bila hasira yoyote, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Victorine akajua kwamba kwa muda wote huo mwanawe hakuwa akiomboleza. Alikuwa akingoja.

Siku ya pili yake alipiga simu Forest, kutoka ngazi za kanisa, ili asipate nafasi ya kujishauri.

“Madame Sidonie, ni mama yake Guylain. Nataka kuja kula ile supu. Bila ng'ombe, bila chochote. Nataka tu kuja kula.”

“Njoo Jumapili,” Madame Sidonie akasema mwishowe.

Guylain aliposikia, alinyoa ndevu. Alitoa shati jeupe la siku ile akalipiga pasi mara mbili. Hakuthubutu kupanda, alisema wamama waanze wenyewe, yeye angengoja ndani ya gari, na kama wangemwita angepanda. Aliegesha mbele ya jengo, akashika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa.

“Bon,” akasema. “Kula vizuri, maman.”

Harufu ilikuwa palepale kwenye ngazi. Madame Sidonie alifungua mlango akiwa amepungua mwili, kitambaa kilekile kichwani. Hawakubusiana. Meza ilikuwa imeandaliwa kwa watu wawili, na sufuria katikati.

Victorine hakutazama sufuria. Macho yake yalikwenda juu ya kabati. Chupa kubwa ilikuwa palepale, lakini utepe haukuwepo. Nta ilikuwa imebanduliwa, na ramu ilikuwa imeshuka mpaka nusu. Matunda ya juu yalikuwa yamebaki makavu, yamegandamana na kioo.

Hakuuliza. Aliketi tu bila kukaribishwa.

“Julai,” Madame Sidonie akasema. “Kule kisiwani. Ni mwalimu, mtu wa huko huko. Anamtunza vizuri. Nilimimina chupa mbili ndogo nikazibeba kwenye sanduku, iliyobaki ndiyo hiyo.” Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, amekishika mgongo. “Ulipopiga simu nilitaka kukuambia. Lakini mtu akiniomba kuja kula kwangu, sijui kumwambia usije. Sikufundishwa. Ukitaka kuondoka, sitakulaumu.”

Chini, mtaani, gari la Guylain lilikuwa limeegeshwa na Guylain alikuwa ndani yake, amevaa shati jeupe. Victorine alifikiria ngazi zile na yeye akizishuka.

“Pakua,” akasema.

Madame Sidonie akapakua sahani iliyojaa, akaiweka mbele yake, na Victorine akachukua kijiko.

Kwanza lilikuja boga, lililokuwa limeyeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito. Halafu mbaazi, ngumu kidogo, zenye ladha ya udongo baada ya mvua. Halafu ile harufu ya karafuu, ambayo Madame Sidonie alisema ni jani la mti wa kwao. Halafu kijiko kikagusa gimbi, likakatika lenyewe, na Victorine akalitafuna pamoja na maharage, akaacha kutafuna. Mama yake alikuwa akipika mateke, ndivyo kwao walivyoita magimbi, na maharage Jumapili. Kwenye chungu, juu ya mafiga, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya moshi. Bibi yule asiye na jina labda hakutoka hata karibu na Kivu. Kongo ni kubwa, na meli zilikuwa upande wa pili kabisa. Hata hivyo, gimbi lilikuwa hapa, limevuka maji mara mbili, limeiva sawasawa.

Madame Sidonie alikuwa hajagusa sahani yake. Alikuwa akimtazama mdomo.

“Tumekosea wapi?” akauliza.

“Hamkukosea,” Victorine akasema. “Mama yangu alipika hivi. Hamkukosea hata kidogo.”

Mwanamke yule akafunika uso kwa vitambaa vya mezani, vyote viwili, akalia kwa sauti bila aibu, mabega yakimpanda na kushuka. Victorine akaendelea kula, maana ndiyo kazi aliyokuwa amekuja kuifanya na hapakuwa na nyingine iliyobaki. Alipofika nusu ya sahani akaanza kusema. Alisema habari za ng'ombe wasiokuja, na nyumba ya Kadutu, na shemeji waliomuuliza walimtolea nini. Alisema yote huku akitazama supu.

“Sikutaka Tatiana aulizwe vile,” akamaliza. “Hata nikifa mimi, mtu asije akamuuliza vile.”

Madame Sidonie alikuwa ameacha kulia.

“Kwa nini hukuniambia siku ile?”

“Kijana alikuwa ameketi pale. Hajui.”

“Ungeniita jikoni!” akasema Madame Sidonie, akapiga meza kwa kiganja mpaka vijiko vikaruka. “Ungenivuta nguo, ungeniambia sikioni! Mimi nilidhani mnamnunua, kumbe ulikuwa unamfungia mlango asitolewe nje. Ningepokea, Victorine. Ningepokea ng'ombe mzima humu sebuleni, nikamlisha kwa mkono wangu!”

Ndipo walipocheka, wote wawili, wakimwona ng'ombe yule kati ya kochi na televisheni. Walicheka vibaya, kwa kwikwi, na kicheko kilipokwisha kikawaacha pale walipokuwa. Chupa ilikuwa juu ya kabati. Hakuna hata mmoja wao aliyeitazama.

Victorine alimaliza sahani. Akaomba nyingine, nayo akaimaliza, ingawa alikuwa ameshiba zamani. Kila kijiko kilikuwa muda mdogo ambao Guylain alikuwa bado hajui. Akanywa maji mekundu ya rozela, machachu na matamu, yenye tangawizi. Akala na akra, na zilikuwa kama alivyoogopa, bora kuliko za Laeken. Mwishowe sufuria ilikuwa imebaki chini tu, na Madame Sidonie akaikwangua yote ndani ya bakuli la plastiki, akaweka akra juu yake, akafunika, akaongeza kijiko.

“Kwetu, aliyebaki nje hupelekewa fungu lake,” akasema. “Mpe. Mwambie nimempikia mimi. Nilimpenda sana kijana yule.”

Mlangoni walibusiana mashavu, kisha Madame Sidonie akamkumbatia hasa, bakuli likiwa katikati yao, la moto. Victorine akashuka ngazi moja moja akijishikilia.

Guylain alimwona tangu alipotoka mlangoni. Alimwona, akaliona bakuli, na uso wake ukafanya jambo ambalo Victorine alikuwa hajaliona tangu Jumapili ile ya maua. Aliinama ndani ya gari akamfungulia mlango.

“Maman, ulikula?”

“Nilikula.”

“Yote?”

“Yote. Sahani mbili.”

Akaweka paji la uso kwenye usukani akacheka, kicheko chake cha bafuni, cha zamani, kikajaa gari zima. “Sahani mbili! Merci, maman. Merci, Yesu.” Akatoa simu mfukoni. “Nitapitia kwa cousine ya Tatiana, yeye hakunifungiaka. Nimuandikie tu kama ulikula. Neno moja tu, atajua.”

Victorine akaweka mkono juu ya simu.

“Guylain. Ngoja.”

“Nini?”

Alimtazama, shati lile jeupe, kidevu kilichokwanguliwa kwa wembe, macho yaliyokuwa tayari njiani kuvuka bahari. Akafungua kifuniko, mvuke ukapanda ukafunika kioo cha mbele. Akamwekea bakuli magotini na kumshikisha kijiko.

“Kula kwanza,” akasema. “Ikingali moto.”

Akala. Alikula haraka, akipuliza, akitaja kila kitu alichokikuta: mbaazi, boga, mateke, ona, maman, mateke kama ya kwetu. Victorine akaweka simu ndani ya mkoba wake, akakunja mikono, akamwacha amalize.